Pikipiki Imelala, Deni Linatembea



Kuna usemi mmoja ambao ukitamkwa katika vikao vyetu vya uandishi, mjadala unazimika kama kibatari kilichopulizwa. Usemi wenyewe ni huu: sheria ni sheria. Umetumika tena majuzi tulipogusia vijana wa bodaboda wanaokamatwa kwa karatasi zilizokwisha muda. Mwenzetu mmoja, mtunzi mzuri wa hadithi fupi, akasema walipe faini waondoke, na wakishindwa wauze pikipiki. Watu wakatikisa vichwa, tukahamia kwenye mashairi. Mimi sikuhama. Nina ugomvi na kauli ile, na naomba nafasi niueleze mpaka mwisho.

Nijitambulishe kwanza ili asije mtu akasema nimetumwa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunifikisha kidato cha tano, nikakaa nyumbani mwaka mzima, halafu nikapata pikipiki ya mtu. Mchana naendesha, usiku naandika riwaya ambayo sura yake ya kumi na moja imenikwamisha miezi mitatu. Kila jioni napeleka hesabu kwa tajiri, shilingi 8,000, iwe mvua iwe jua. Kinachobaki ndio mafuta ya kesho, ndio msosi, ndio daftari. Basi ninapozungumza habari za karatasi na faini, nazungumza kama mtu aliyesimamishwa barabarani.

Tuelewane kwanza juu ya karatasi zenyewe, maana wengi mnazichanganya. Kadi ya pikipiki, ile yenye jina la mwenye chombo, namba ya injini na namba ya chesisi, hapa Tanzania haina tarehe ya kufa. Ukishasajili umesajili. Zinazokufa ni zile zinazoizunguka: bima, leseni ya udereva, na kwa anayebeba abiria kwa malipo, leseni ya usafirishaji. Kila moja ina tarehe yake, ina ofisi yake, ina ada yake. Na mpaka mwaka 2017 alikuwepo mkubwa wao wote, ada ya mwaka ya leseni ya chombo, ile watu waliyozoea kuiita rodi laisensi. Huyu marehemu lazima tumfufue kidogo, kwa sababu tabia zake hazikuzikwa naye.

Rodi laisensi ilidai chombo kilichoandikwa kitabuni, hata kama hakigusi barabara. Pikipiki ikafa injini, ukaiegemeza ukutani nyuma ya nyumba, kuku wakataga chini yake, ada ikaendelea kuhesabiwa. Usipolipa, adhabu ikapanda juu ya ada. Mwaka wa pili ada nyingine, adhabu nyingine. Baba yangu mdogo alikuwa na pikipiki ya namna hiyo. Siku alipopata mnunuzi wa kuja kuifufua, ikabidi kwanza deni lilipwe ndipo jina lihame kwenye kadi, na deni lilikuwa limeshaizidi bei ya chuma chenyewe. Mnunuzi akashika njia yake. Pikipiki ilibaki pale pale mpaka ikawa ngazi ya watoto ya kupandia ukuta.

Na wale waliouziana kienyeji, kwa kuandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe, walikuwa na balaa lao. Jina kwenye kadi ni la muuzaji, chombo kiko wilaya nyingine kwa mnunuzi wa tatu, na deni linamtafuta mzee ambaye hana hata spana moja ya hiyo pikipiki. Mtasema ni uzembe wao, wangehamisha jina. Sawa, lakini jiulizeni kwa nini watu walikimbia kuhamisha jina. Walikimbia kwa sababu kuhamisha jina kulikuwa ni kufungua kaburi la madeni. Adhabu iliyowekwa ili watu wawe na kumbukumbu sahihi ndiyo iliyowafanya wazifiche kumbukumbu zao.

Watetezi wa mfumo ule walikuwa na jibu moja: ndivyo dunia inavyokwenda. Hebu tuitazame hiyo dunia. Uingereza, ambayo ilitutawala na kutuachia mtindo mwingi wa sheria zetu, ilianza kutoa kibandiko cha duara cha ushuru wa chombo mwaka 1921, na ikaacha kutoa kile cha karatasi Oktoba 2014. Lakini huko huko, tangu mwaka 1998, mwenye chombo kilicholala anaitaarifu serikali rasmi kwamba chombo hakiko barabarani, na hadaiwi ushuru kwa muda wote kitakapokuwa kimelala. Taarifa moja, basi. Kwetu hakuna aliyewahi kumwonyesha baba mdogo mlango wa namna hiyo. Alichoonyeshwa ni jumla ya deni.

Juni 2017, Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, alisimama bungeni na bajeti iliyopendekeza ada ile ya mwaka ifutwe, na ikafutwa. Badala yake ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kila lita: petroli kutoka shilingi 339 hadi 379, dizeli kutoka 215 hadi 255, mafuta ya taa kutoka 425 hadi 465. Mimi nasema wazi kwamba kwa petroli na dizeli hatua ile ilikuwa ya haki. Anayetembea sana analipa sana, aliyelala halipi, na hakuna trafiki anayehitajika kumsimamisha mtu ili kulikusanya. Petroli haina tarehe ya kwisha muda. Ukiweka lita moja umeshalipa, ukiondoka pale kituoni huna deni na mtu.

Ila hapo kwenye mafuta ya taa pana mwiba. Sababu ya kuyapandisha ina uzito wake, kwamba yakiwa rahisi kuliko dizeli wajanja wanayachakachua. Haya. Lakini bibi anayechemsha uji kwenye jiko la mafuta ya taa hakuwahi kumiliki pikipiki, na shilingi 40 zikaanza kutoka kwake naye. Mkisikia kodi imefutwa, waandishi wenzangu, msiishie kwenye kichwa cha habari. Ulizeni imehamia kwa nani.

Sasa twende kwenye tabia zilizobaki. Rodi laisensi ilikwenda, lakini fikra yake, kwamba mtu aliyeshindwa kulipa kidogo adaiwe kikubwa, bado inatembea barabarani. Itazameni faini. Kwa miaka mingi kosa moja la barabarani lilikuwa shilingi 30,000, uwe na lori la tani kumi uwe na pikipiki ya mtu. Kwangu mimi hiyo ni karibu hesabu ya siku nne. Mwaka 2021 serikali yenyewe ikaona haya, Waziri wa Fedha Dk. Mwigulu Nchemba akaishusha kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Tukashangilia vijiweni. Tulikuwa tunashangilia bajeti ile ile iliyoongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara. Silalamikii barabara, nazitaka. Nasema tu kwamba mwendesha bodaboda analipa kila siku anapojaza mafuta, kwa hiyo anayemwita mkwepa kodi aangalie kwanza risiti ya kituo cha mafuta.

Tena kuna hesabu nyingine ambayo walioajiriwa hawaioni. Leseni ya udereva ilikuwa ya miaka mitatu kwa shilingi 40,000. Mwaka 2019 ikafanywa ya miaka mitano kwa shilingi 70,000. Gawanyeni: ya zamani ilikuwa kama 13,333 kwa mwaka, hiyo ya 2019 ikawa 14,000. Tofauti ni ndogo mno, na safari za ofisini zimepungua. Mwenye mshahara anasema, nafuu. Lakini mimi silipi kwa mwaka, nalipa siku moja. Siku hiyo lazima niwe na ada yote mkononi, mimi ambaye fedha yangu inaingia kwa mia tano na elfu moja na inatoka siku hiyo hiyo. Wengi wetu leseni zinakufa kwa sababu ya huo mkupuo. Si kwamba tumeidharau serikali. Ni kwamba siku ya mkupuo ilitukuta na mtoto hospitali, au na kodi ya chumba, au na tairi lililopasuka.

Halafu ikishakufa, adhabu inafanya kazi gani? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Mwaka jana leseni ya usafirishaji ya pikipiki ninayoendesha ilikwisha muda. Kuilipia ni kazi ya tajiri, ndivyo tulivyokubaliana. Nilimkumbusha mara mbili kwa ujumbe wa simu, naye akanijibu ameshalipa, niendelee na kazi. Nikasimamishwa asubuhi moja, askari akaangalia, akaniambia haijalipiwa. Pikipiki ikapelekwa kituoni. Tajiri alikuwa safari, simu inaita haipokelewi. Pikipiki ikakaa siku nne. Aliporudi alilipa leseni yake, lakini faini ya shilingi 10,000 nililipa mimi, na hesabu za siku nne alinidai vile vile, shilingi 32,000. Jumlisheni wenyewe: 42,000, kwa karatasi isiyo na jina langu hata herufi moja.

Sitaji kituo wala sitaji tajiri, maana hoja yangu haiko kwao. Askari yule alikuwa mstaarabu, aliniita mdogo wangu, akanipa hata kiti. Hoja yangu iko kwenye mpango wenyewe. Chombo kinachotafuta fedha ya kulipia kosa kimefungiwa uani. Kila siku inayopita uwezo wa kulipa unapungua. Ukitaka maji kisimani, huanzi kwa kumnyang'anya mtu ndoo. Na mzigo wa karatasi ya mwenye mali umebebeshwa aliye juu ya tandiko, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana, yeye ndiye wa kukamatika.

Mnajua kinachofuata. Pale faini inapokuwa kubwa kuliko mfuko, na pikipiki ikifungwa ni njaa nyumbani, lazima yazaliwe mazungumzo. "Kaka, tusaidiane." Elfu mbili, elfu tatu. Leseni haikulipwa, serikali haikupata kitu, na kesho kosa liko pale pale. Mwaka mzima wa elfu mbili mbili ungetosha kulipia karatasi zote na chenji ikarudi. Mtu akiniambia adhabu kali ndiyo dawa ya rushwa barabarani, namwomba aje akae kijiweni kwetu wiki moja tu.

Najua mtakavyonijibu: kwa hiyo wewe unataka watu waendeshe bila karatasi? Hapana bwana. Ipo karatasi moja ambayo naitetea kuliko wengi wenu mnavyoitetea, nayo ni bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakilazimisha kila chombo barabarani kiwe angalau na ile bima ndogo. Wengi kijiweni wanadhani bima ndogo ni ya pikipiki. Siyo. Ni ya yule utakayemgonga, na abiria utakayemwangusha. Wewe dereva haikutibu, wala chuma chako haikitengenezi. Kijana mwenzetu aliteleza na mama mmoja muuza mboga, mama akavunjika mguu, na bima ilikuwa imekufa wiki tatu nyuma. Tulichanga kijiwe kizima, tukapata ya kufungia mguu, hatukupata ya kumlisha mama yule na watoto wake miezi mitano aliyolala. Kwa karatasi ile mimi siombi huruma. Chombo kisicho na bima kisibebe mtu.

Lakini ona sasa ubaya wa mpango tulionao. Barabarani, bima iliyokufa na stika nyingine yoyote iliyokufa zinasimamishwa na mkono ule ule, kwa sauti ile ile, na zote zinaishia kwenye faini. Kijana anajifunza nini? Anajifunza kwamba karatasi zote ni za aina moja, zote ni hela ya trafiki. Akipata elfu ishirini hailipii ile itakayomwokoa abiria, analipia ile inayokaguliwa zaidi kwenye njia yake. Ukiadhibu vyote sawasawa, kile chenye maana kinapotea ndani ya visivyo na maana. Huo ndio ugomvi wangu mkubwa na sheria ni sheria. Usemi ule unakataa kuuliza karatasi hii inamlinda nani.

Basi nini kifanyike? Sipendi makala ya kulalamika tu, kwa hiyo nataja matano.

Kwanza, adhabu ya kuchelewa isizidi ada yenyewe. Ianze ndogo siku ya kwanza, ipande taratibu, ifike mahali isimame. Deni linalopanda bila dari halimfanyi mtu alipe, linamfanya ajifiche.

Pili, fedha ya faini kwa karatasi iliyokwisha muda ihesabiwe ndani ya ada ya kuihuisha, mtu akihuisha ndani ya siku saba. Aliyesimamishwa leo awe halali wiki ijayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha, au siyo?

Tatu, karatasi ya chombo imfuate mwenye jina kwenye kadi. Karatasi ya udereva inifuate mimi. Tajiri mwenye pikipiki sita akijua faini zote sita zinamwendea yeye, atazikumbuka tarehe zake bila kukumbushwa.

Nne, ada zilipwe kidogo kidogo. Pikipiki yenyewe tunaichukua kwa mkataba, tunalipa kila siku mpaka inakuwa yetu. Kama mfanyabiashara anaweza kupokea chuma chake kwa elfu kumi kumi mpaka kinakwisha, serikali inashindwaje kupokea ada ya leseni kwa elfu mbili mbili kupitia simu? Na simu hiyo hiyo inikumbushe mwezi mmoja kabla tarehe haijafika. Namba zetu wanazo, tumezisajili kwa alama za vidole.

Tano, chombo kikilala kiandikwe kimelala, kwa ujumbe mmoja, bure, na karatasi zake zilale nacho.

Naona sasa kuna anayeuliza, haya yote yanaingiaje kwenye gazeti la fasihi? Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Nimesoma miswada yetu mingi mwaka huu. Nimekutana na mapenzi ya chuo kikuu yaliyoandikwa na watu ambao, kama mimi, hawajakanyaga chuo kikuu. Nimekutana na majini, na matajiri wenye majumba ya ghorofa, na wasichana wanaokufa ukurasa wa mwisho. Sijakutana na mtu mmoja aliyeshikwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Wakati maisha ya nusu ya vijana ninaowajua yanageuka kwa tarehe ya namna hiyo. Tunalalamika hatusomwi, kumbe hatuwaandiki wanaopita mbele ya dirisha.

Kuna jingine zito zaidi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Kwa miaka mingi kijana alishtakiwa chini ya kitabu asichoweza kukisoma. Sasa kitabu kinakuja kwa lugha yetu, lakini Kiswahili cha sheria kinaweza kuwa kizito kama Kiingereza chake. Nani atakitwanga kiwe unga? Majirani zetu Kenya walituonyesha mwaka 2024. Muswada wao wa fedha ulikuwa na kodi ya magari ya kila mwaka, asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 za kwao wala kuzidi 100,000. Vijana wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakaueleza kwa lugha za mitaani. Juni 18 ikatangazwa kwamba kodi ile inaondolewa. Juni 25 watu waliuawa katika maandamano, na siku ya pili yake Rais Ruto akatangaza hatausaini muswada mzima. Damu ile haikustahili kumwagika. Lakini kabla ya barabara kulikuwa na kusoma, na kusoma ndiyo kazi tuliyoichagua sisi.

Kwa hiyo natoa rai, na anayetaka kunijibu anijibu katika toleo lijalo, kurasa ziko wazi. Kila mmoja wetu achukue sheria moja inayomgusa jirani yake: ya bodaboda, ya mama lishe, ya mpangaji, ya kinyozi. Aisome. Aiandike upya kwa kurasa mbili, kwa Kiswahili ambacho mtu anaweza kukisoma akiwa amekaa juu ya tandiko anasubiri abiria. Tuzichape, tuzipeleke vijiweni. Mimi nimeanza na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Nimefika kifungu cha ishirini na kitu, na nahitaji mtu wa kusaidiana naye. Sura ya kumi na moja ya riwaya itasubiri.